Kabla ya kutoboa ukuta, ifungeni antena ya skana kwa kamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye skana majumbani, yaani redio za kupokea tu zinazopekua masafa mengi: wanaofuatilia marubani na waongoza ndege, meli zilizotia nanga nje ya bandari, na wanaredio wa ridhaa. Lawama yao huwa ni moja, kwamba skana ni mbovu, haishiki kitu ila mvumo. Kinachofuata nacho ni kimoja. Mtu ananunua antena ya bei, anaita fundi, ukuta unatobolewa, bomba la chuma linamwagiwa zege, na jioni anapowasha anasikia yale yale ya jana. Mara nyingi skana haina kosa. Kosa liko kwenye mahali, au kwenye waya, au kwenye chaja ya simu iliyo chumba cha pili. Yote hayo hujulikana kwa antena ya muda ya waya wa shaba na mwanzi, ikifungwa kwa kamba na kukaa nje wiki moja.

Tuanze na mahali. Kile kiantena cha mpira kinachokuja na skana kimetengenezwa kwa kubebwa mkononi. Ukikiweka ndani ya nyumba ya matofali ya saruji, yenye nondo ukutani na grili dirishani, unakifungia gerezani. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vyombo hivi vimeandikiwa nchi za vigae na mbao, ndiyo maana vinashauri antena iwekwe darini. Chini ya paa la bati ushauri huo haufai kitu, kwa sababu bati hurudisha mawimbi juu yalikotoka. Mwenye paa la makuti au vigae vya udongo anaweza kujaribu dari. Mwenye bati asijisumbue. Lakini bati hilo hilo, ukiwa juu yake, ni msaada mkubwa. Antena ya gari yenye kitako cha sumaku ikibandikwa kwenye bati la chuma, paa lote hugeuka kuwa ardhi ya antena, na jaribio la kwanza linakamilika kwa dakika tano bila kukata waya wowote. Bati la alumini halishiki sumaku. Na asubuhi yenye umande msipande paa kabisa.

Urefu wa mlingoti unategemea unachotaka kusikia. Mawimbi haya hayapindi sana na dunia. Chukueni urefu wa antena yenu na wa yule anayerusha, kwa mita, mtafute kipeuo cha pili cha kila mmoja, mjumlishe, kisha mzidishe kwa 4.12, jibu ni umbali kwa kilomita. Meli ambayo antena yake iko mita 25 juu ya maji itafika kilomita 26 hivi kwenye antena iliyo mita 2, na kilomita 32 kwenye antena ya mita 8. Boti ya wavuvi yenye antena ya mita 2 itatoka kilomita 12 hadi 17, na hiyo ni faida kubwa. Ndege iliyo mita 10,000 angani inafika kilomita 418 kwa antena ya mita 2 na 424 kwa antena ya mita 8, tofauti isiyo na maana. Kwa hiyo msikilizaji wa ndege hahitaji mlingoti mrefu. Anahitaji antena itoke nje ya kuta na ione anga. Anayefuatilia boti ndiye atakayelipwa kwa kila mita anayopanda.

Antena yenyewe ni robo ya wimbi yenye miguu minne. Gawanya 7,125 kwa masafa unayoyataka kwa megahezi, utapata urefu wa waya wa kusimama kwa sentimita. Kwa ndege, katikati ya bendi yao ni kama megahezi 125: sentimita 57. Kwa wanaredio wa ridhaa, 145: sentimita 49. Kwa meli, 157: sentimita 45. Anayetaka ndege na meli kwa antena moja akate sentimita 51, atapoteza kidogo kila upande na hatajua tofauti. Miguu minne iwe mirefu kwa asilimia tano kuliko waya wa kusimama, na ipindwe kuelekea chini nyuzi 45. Miguu ikibaki mlalo, antena huwa na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 36. Ikishuka nyuzi 45 hukaribia omu 50 ambazo skana inazitaka.

Vifaa ni vichache: waya wa shaba wa kutandazia nyumba wa milimita 2.5 za mraba, mita tatu (wa milimita 4 ni bora, hautikisiki sana na upepo). Soketi ya SO-239 ya kufunga kwenye paneli, yenye matundu manne kwenye kona. Boliti nne za milimita 3 na nati zake. Na risasi ya kulehemia. Ganda la plastiki litolewe pale tu waya unapoingia kwenye soketi na kwenye boliti. Miguu inafungwa kwa boliti kwenye matundu ya kona, waya wa kusimama unalehemiwa kwenye kikombe cha katikati, na urefu unapimwa kuanzia unapotoka kwenye kikombe, si kutoka ndani yake. Ncha zote tano zikunjwe ziwe vipete vidogo, na kipimo kiishie juu ya kipete. Hilo halihusiani na redio: waya wa shaba uliokatwa kwa plaizi, ulio usawa wa uso wakati wa kufunga, umeshatia watu jeraha la jicho.

Waya wa kuleta ishara ndani ndipo pesa inapopotelea. Wengi hununua RG-58 kwa kuwa imeandikwa omu 50. Kwa mita 15 kwenye masafa ya meli, waya huo hula karibu desibeli 3, yaani nusu ya kile antena ilichokamata. RG-6 ya televisheni na madishi, ijapokuwa ni ya omu 75, kwa urefu huo hula desibeli moja na nusu tu hivi, na hasara ya kutolingana kwa omu ni kama sehemu mbili za kumi za desibeli. Kwa kupokea tu, RG-6 inashinda, na inapatikana kila duka la madishi. Ubaya wake ni mmoja: wavu wake, ule msuko wa nje unaozunguka waya wa katikati (kiini), ni wa alumini, na alumini haishiki risasi. Anayejaribu kuulehemu kwenye plagi ya PL-259 atapata kiungo kinachoshika leo na kuachia kesho upepo ukivuma. Tumieni konekta za F za kukaza kama mafundi wa madishi, kisha adapta ya F kwenda PL-259 upande wa antena na ya F kwenda BNC upande wa skana.

Kabla ya kuinua chochote, shikeni mita ya fundi. Antena hii, tofauti na baadhi ya nyingine, haipaswi kupitisha umeme kati ya kiini na wavu. Mita ikilia, kuna shoti, na mara nyingi ni uzi mmoja wa wavu uliogusa kiini ndani ya konekta. Kisha fungueni antena, gusisheni kiini na wavu upande wa mbali kwa kipande cha waya, mpime upande wa skana. Kwa mita 20 msome chini ya omu 4. Namba ikirukaruka mnapotikisa konekta, kateni mfunge upya. Hilo ni kosa la dakika tano likiwa chini, na la nusu siku likiwa juu.

Mlingoti wa muda ni mwanzi mkavu wa mita 5 au 6, au bomba la plastiki la kupitishia nyaya. Bomba la plastiki hupinda likipigwa na jua la saa saba, kwa hiyo litiwe fimbo ndani. Kamba tatu zifungwe kwenye theluthi mbili ya urefu, zitawanyike sawasawa, zishikwe na vigingi vya chuma ardhini. Nyumba nyingi zina kitu bora kuliko vyote hivyo, nacho ni mnara wa tanki la maji. Fungeni mwanzi ubavuni mwa mnara, ila antena ivuke juu ya tanki kabisa: tanki la plastiki lililojaa maji huzuia mawimbi, na chuma cha mnara kikiwa karibu na miguu ya antena huharibu vipimo vyote mlivyovipigia hesabu. Umbali wa mita moja unatosha. Nyaya za umeme za mtaani ziwe mbali zaidi ya urefu wa mlingoti mara mbili, kila upande ambao mlingoti unaweza kuangukia. Kama kiwanja hakina nafasi hiyo, basi antena hiyo isisimamishwe hapo. Bakini na ile ya sumaku kwenye bati.

Sasa jaribio, ambalo wengi hulifanya kwa kusikiliza kituo chenye nguvu na kusema "safi". Kituo chenye nguvu hakiwezi kuwaambia kitu. Kwenye FM, ishara ikishavuka kiwango fulani sauti haizidi kuwa safi hata ikiongezeka mara mia. Tafuteni ishara dhaifu, ile ambayo kwa antena ya ndani inasikika kwa taabu. Vipimo vya mistari kwenye kioo cha skana msiviamini; kwenye vyombo vingi vinapanda haraka mwanzoni kisha vinasimama. Kipimo kizuri ni kitufe cha skwelchi, kile kinachonyamazisha mvumo pasipo na ishara. Kifungueni pole pole mpaka ishara ile ianze kupita, andikeni namba. Badilisheni antena, mrudie. BNC ni nzuri hapa kwa kuwa inafunguka kwa robo ya mzunguko, na mnaweza kubadilisha katikati ya mazungumzo yale yale. Msiunganishe antena zote mbili kwa kigawanyio cha televisheni mkidhani mtalinganisha kwa urahisi. Zitaingiliana na hamtajua mnasikia ipi.

Walioko pwani wana kipimo cha bure ambacho ndege hazina. Meli kubwa hurusha utambulisho wake zenyewe usiku na mchana kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Ikiwa safarini hurusha kila sekunde 2 hadi 10. Ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Wekeni skana kwenye mojawapo, FM, skwelchi wazi, mtasikia vijikwaruzo vifupi kuliko kupepesa jicho. Aliyeko Masaki, Kigamboni, Nyali au Likoni hatavikosa. Hesabuni vijikwaruzo kwa dakika tano na antena ya ndani, dakika tano na ya nje, mrudie mara tatu kwa kupokezana. Kupokezana huko ni lazima. Meli zinasogea, na mkipima ya ndani asubuhi na ya nje jioni mtakuwa mmepima bandari, hamjapima antena. Tena jioni za joto hewa juu ya bahari hujipanga matabaka, mawimbi yakapita humo kama maji mferejini, ikasikika meli iliyo mbali mno. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua hili vizuri. Antena mbovu jioni kama hiyo huonekana ya ajabu.

Mkishapata namba mahali pamoja, sogezeni mlingoti sentimita 50 pembeni mpime tena. Mawimbi yanayogonga kuta na mabati hurudi na kukutana na yale yanayokuja moja kwa moja. Mahali pengine yanaongezeana, pengine yanauana, na kwenye masafa ya meli sehemu hizo zinaweza kupishana kwa nusu mita tu. Wapo waliokataa paa zima kwa sababu ya shimo moja kama hilo. Na antena isimame wima, kwa kuwa ndege, meli na redio za magari hurusha wima. Antena ya zamani ya televisheni iliyolala, hata iwe na vijiti ishirini, itazidiwa na waya wetu wa sentimita 51.

Ikiwa antena ya nje imeleta ishara zaidi na mvumo zaidi kwa kiasi kile kile, hamjapata kitu. Kinachosikika ni tofauti kati ya hivyo viwili. Endesheni skana kwa betri, mzime swichi kuu ya nyumba, msikilize megahezi 125 kwa AM bila skwelchi. Mvumo ukishuka, mwizi yuko ndani. Washeni saketi moja moja mpaka arudi. Kwa kawaida ni chaja ya simu ya bei rahisi, taa ya LED, inveta au kidhibiti cha sola. Usipopungua, mwizi yuko kwa jirani au mtaani. Siku ya kukatika umeme, ambayo wengi tunailaani, ndiyo siku nzuri kuliko zote za kupima, kwa sababu mtaa mzima umenyamaza na mnasikia antena yenu ilivyo. Kelele nyingine hutambaa juu ya wavu wa waya kutoka ndani ya nyumba hadi kwenye antena. Kile kidude cheusi cha mviringo kwenye waya wa skrini ya kompyuta ya zamani ni feraiti, nayo huizuia kelele hiyo. Vivuliwe viwili vitatu, vivalishwe waya wa antena karibu na soketi ya juu.

Kuna tatizo ambalo huja kwa sababu antena imekuwa nzuri. Mkiisikia taarabu au mahubiri kwenye masafa ya ndege, kituo cha FM cha karibu kimeizidi nguvu skana. Bonyezeni kipunguzi, chenye alama ATT kwenye skana nyingi. Muziki ukipotea na rubani akabaki, ugonjwa ni huo. Kwa msikilizaji wa meli kuna dawa ya senti chache: kiunganishi cha T kwenye skana, na tawi lake la tatu lifungwe kipande cha RG-58 kilichoachwa wazi mwishoni. Urefu ni 4,950 kugawanya kwa masafa ya kituo hicho. Kituo cha 98 kinataka sentimita 50 na nusu. Anzeni na sentimita 2 zaidi, mpunguze milimita tano tano mpaka kituo kizame. Kwenye masafa ya meli hasara ni kama nusu desibeli. Kwenye masafa ya ndege ni zaidi ya desibeli 3, kwa hiyo msikilizaji wa ndege anunue kichujio cha FM kilichotengenezwa kiwandani.

Waya uingie ndani kwa dirisha, usibanwe na fremu ya alumini ya kuteleza. Ukibonyea, umbo la ndani linaharibika na hauponi. Kabla ya kuingia uning'inie uwe kitanzi chini ya kizingiti, maji ya mvua yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi kwenye skana. Kiungo cha juu kifungwe tepu ya umeme, halafu utepe wa tyubu ya baiskeli uliovutwa sana, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama vigae. Mabomba ya silikoni yenye harufu ya siki hula shaba. Hewa ya chumvi nayo itaitia kutu boliti yoyote isiyo ya chuma kisichoshika kutu ndani ya miezi michache, na hiyo ndiyo sababu moja ya kutoiacha antena ya muda igeuke ya kudumu.

Sababu nyingine ni radi. Mwanzi na waya visivyo na ardhi havina ulinzi wowote. Wingu likianza kujengeka, waya uchomolewe kwenye skana na ncha yake itolewe nje ya dirisha. Kuuacha sakafuni ndani ya chumba ni kuikaribisha radi chumbani. Mkisikia ngurumo tayari, msiuguse. Wakati wa masika na vuli, na kwa wa kandokando ya Ziwa Victoria karibu mwaka mzima, antena ya muda ishushwe kila jioni. Kusi likikaza, kamba zikaguliwe kila asubuhi.

Kuhusu sheria: Ibara ya 17 ya Kanuni za Redio za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, inazitaka nchi zizuie watu kunasa bila idhini mawasiliano yasiyo ya umma na kuyatangaza. Kila nchi ina namna yake. Uingereza, kwa mfano, inauza skana madukani lakini sheria yake ya mwaka 2006 inalifanya kosa kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokuhusu. Kwa hiyo anayetaka kununua chombo hiki aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, kuhusu kibali cha chombo chenyewe na masafa anayoruhusiwa kusikiliza. Redio ya polisi si ya kujipimia antena. Na mkisikia wito wa dhiki kwenye chaneli 16 ya meli, megahezi 156.8, andikeni saa, jina la chombo na mahali kilipotajwa, mwapigie simu wahusika wa uokoaji baharini. Nambari yao ibandikwe ukutani kando ya skana kabla ya siku hiyo.

Siku ya saba ishusheni. Kama namba za skwelchi hazikupishana na za ndani, jaribuni upande mwingine wa nyumba kwa wiki nyingine kabla ya kununua chochote. Kama zimepishana, wekeni alama ya rangi pale mwanzi uliposimama, mpime urefu halisi wa waya uliotumika, ndipo mwiteni fundi wa kutoboa ukuta, mkimwonyesha alama hiyo.

Wako,
Fundi redio,
Tanga